Ukaidi Haukuja na Gitaa la Umeme

Kijana wa Masasi au Newala, kusini mwa Tanzania, akishika kipaza sauti akaimba kwa hasira, huandamwa na madai yaleyale. Nayajibu.

Eti ni uhuni wa kuiga Wazungu. Kweli, panki, muziki wa ukaidi wa magitaa ya umeme, ililipuka London mwaka 1976, na mwaka uliofuata BBC ikakataa kuupiga wimbo wa Sex Pistols uliomkejeli Malkia. Lakini Wamakonde hawakungoja gitaa la umeme. Tazama mapiko, ngoma yao ya vinyago. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, akavikwa kichwa cha mti mwepesi kilichopachikwa nywele za mtu, akawa anachungulia kupitia mdomo wa kinyago. Ngoma zikishapashwa moto wa nyasi, zinalia. Hapo mchezaji hana jina. Humwigiza mwenye cheo, mwendo wake na majivuno yake, na uwanja mzima ukacheka. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, hata Mreno alichongwa akachezwa, naye bado ndiye mtawala. Huo ni upinzani, tena umelelewa jandoni.

Eti kuwanyamazisha vijana ni kulinda utamaduni. Tulishajaribu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwaka uliofuata muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Sioni ngoma hata moja ya kusini iliyookolewa kwa kukagua suruali za watu.

Eti nyimbo hazina kazi. Mbona basi Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo"? Rais Magufuli aliagiza aachiwe, akapendekeza wimbo uongezewe wakwepa kodi. Wengi walishangilia. Mimi naona hatari hapohapo: haki ya kuimba haipaswi kutegemea wimbo umempendeza nani. Siku chache baadaye rapa mwenzake, Roma Mkatoliki, alitekwa studio, akaonekana baada ya siku tatu.

Na eti watu wa kusini ni wapole, siasa za muziki si zao. Desemba 2012 walijaa barabarani Mtwara kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Kijana wa Newala anayenunua maji kwa ndoo, huku baba yake akingoja malipo ya korosho aliyokwisha kuipeleka ghalani, ana mengi ya kuimba.