Nani Avae Nguo Nyekundu?

Wengi wetu watu wa Pwani twaijua Meru kwa fungu la miraa linaloshuka jioni, na Embu hatuijui ila kwa jina lake lililoandikwa kwenye mabasi. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwana wa dada yangu alipokwenda kusoma upande huo wa Mlima Kenya. Likizo ya kwanza alirudi na habari ya mchezo ulionitia wasiwasi.

Mchezo wenyewe, kwa alivyonieleza, huchezwa mezani na watu watano au sita. Mmoja wao ni mtambaji. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi: jina lake, kazi yake, nguvu zake, akili yake na hata udhaifu wake. Huyu ni mhunzi, yule ni mwindaji mwenye jicho moja. Mtambaji husema, "Mmefika mtoni, maji yamejaa, na ng'ambo kwafuka moshi. Mwafanyaje?" Kila mtu hujibu kwa niaba ya mhusika wake, na penye shaka, kama mwindaji ataka kuruka mto, hutupwa dadu. Hapana dau wala mshindi, na hadithi moja yaweza kuendelea miezi.

Asili ya mchezo huu ni Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa wa kwanza, uitwao Dungeons & Dragons, nakala elfu moja tu, na katika vyombo vyake mna dadu yenye pande 20. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na wahubiri wa huko walipiga kelele kwamba unawafundisha vijana uchawi.

Mimi kilichonishtua kwanza ni hiyo dadu. Maulamaa wetu wengi wameikemea nardi hata pasipo fedha, na hilo hatuwezi kulifanyia mzaha. Lakini kijana alinitangulia. "Mjomba," akasema, "niliwaambia mapema kwamba dadu siishiki." Wenzake hawakumcheka. Wakakubaliana kwamba penye shaka mtambaji afiche komwe katika ngumi moja, na mchezaji achague mkono. Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na aliye na shaka amwendee mwanachuoni wake, lakini nilifurahi kwamba alisema na akasikizwa.

Ama hiyo hofu ya kwamba kijana atajisahau, adhani yeye ndiye mhunzi, naiona haina mguu. Sisi tulipokuwa watoto tulicheza nini baada ya Isha? Kitendawili, tega. Ukishindwa watoa mji, na aliyepewa mji huenda! Hufika Lamu au Bombay akiwa amekaa pale pale kwenye jamvi, akatusimulia alivyopokewa na alichokula kwa sultani. Hatukumwita mwongo, wala hakuna aliyelala akidhani yuko Bombay.

Taabu ilizuka penginepo. Mtambaji wao, kijana wa Kimeru, alichagua hadithi ya kwao ya Mbwaa, na hapo kijana wetu akajikuta hana pa kukaa.

Wameru husimulia kwamba wazee wao walitoka katika kisiwa kiitwacho Mbwaa, walikokuwa watumwa wa watu waitwao Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Mabwana hao walipotaka kuwaangamiza waliwapa mitihani isiyowezekana. Leteni kiatu chenye manyoya juu na chini. Leteni mbwa mwenye pembe. Toeni tunda hili shimoni pasi na kuingia wala kulichoma. Fueni mkuki ufikao mbinguni. Kiongozi wao, Koomenjoe, akawa kila mara ana jibu: kiatu kikakatwa katika ngozi ya shingo ya ng'ombe inayoning'inia, mbwa akafungiwa pembe za paa. Mkuki ndio uliokuwa haufuliki, wakatoroka usiku. Maji yakagawanyika wakapita. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka jua limetoka weupe, na mafungu hayo matatu yamebaki katika kumbukumbu za Wameru.

Sasa, Mbwaa iko wapi? Mtafiti Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyekusanya maneno ya wazee wa Meru, aliielekeza kwenye kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Wako wanaoitafuta mbali zaidi, Misri au Yemeni. Lakini barazani Meru wengi hujibu kwamba Nguo Ntune ni Waarabu, au ni watu wa Pwani, na mambo yameisha. Basi wale vijana wakamwambia mwenzao: wewe watoka Pwani, kwa hivyo wewe ndiwe mkuu wa Nguo Ntune.

Niliposikia hayo nilipandwa na hasira. Nilitaka kumwambia, "Mwanangu, ondoka katika meza hiyo." Nikanyamaza kwa sababu moja. Mashamba ya Malindi na Takaungu yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kwa sheria pwani yetu hii mpaka mwaka 1907. Hatuwezi kuisikia hadithi ya bwana na mtumwa tukajifanya kama kwamba imetukosea njia.

Lakini nasema pia kwamba vijana wale walikosea, na kosa lao ni la mchezo kabla hatujafika kwenye adabu. Ikiwa Mmeru atakuwa Mmeru, Muembu awe Muembu, na Mswahili awe bwana wa watumwa, ile karatasi ya mhusika ni ya nini? Nusu ya utamu wa mchezo huu ni kwamba mchezaji na mhusika wake hawafanani. Mtu mpole hujaribu ukali, na mwoga hujaribu ushujaa usiku mmoja. Kumpa mtu mhusika kwa kuangalia kwao ni kumpokonya mchezo mzima.

Mpwa wangu alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Alikubali kuvaa nguo nyekundu usiku mmoja kwa sharti kwamba usiku wa pili wabadilishane. Anasema ule wa kwanza ulikuwa mgumu. Alitoa mitihani kwa sauti ndogo, na mtambaji akamhimiza awe mkali. Usiku wa pili akawa Koomenjoe, na nguo nyekundu akaivaa kijana wa Kimeru. Alipoambiwa atoe tunda shimoni hakuijua hadithi, lakini aliwahi kuuopoa mpira kwetu katika shimo la ujenzi. "Tutie maji," akasema, "litaelea." Na ndivyo wazee wa Meru wasemavyo ilivyokuwa. Meza nzima ikapiga makofi, naye yule mkuu wa Nguo Ntune akapiga kabla ya wote, akasahau kwamba ameshindwa.

Wakimaliza Mbwaa, yule wa Embu ataka wamwendee Mwenendega, ambaye Waembu humtaja kuwa baba yao wa kwanza, na msitu wake uko karibu na Runyenjes. Nami nimempa kijana wangu Fumo Liyongo akawatambie, na ile tupa aliyopelekewa gerezani ndani ya mkate. Nimemuusia asijichukulie Liyongo yeye mwenyewe. Ampe Mmeru, na yule msaliti amtafutie mtu mwingine asiyetarajiwa.

Likizo hii amewafundisha dada zake wadogo. Juzi usiku nilimsikia mdogo wao ameshindwa kitendawili.

"Nipe mji."

"Nimekupa Meru."

"Meru nimekwenda," akajibu kaka yake. "Nipe mwingine."