Choroko kwenye mfinyanzi: Kabla ya mfuko wa urea, angalia maji

Tanga. Mkazi wa Mabawa anapobandika choroko za nazi jikoni, anategemea mashamba ya nje ya mji. Mengine yako kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, na huko mkulima anaweza kununua mbolea, akaiweka, na bado akavuna kiduchu.

Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 2022 ilishusha mfuko wa kilo 50 wa DAP kutoka zaidi ya Sh130,000 hadi Sh70,000. Ni nafuu kweli. Ila mbolea ya bei poa isiyofaa zao bado ni hasara.

Choroko si mahindi. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea. Ukiimwagia urea nyingi, vinundu vinazembea. Shamba linapendeza kwa majani, maganda ya kuhesabu.

Inachohitaji zaidi ni fosforasi, kwa ajili ya mizizi, vinundu na maua. Shida ni kwamba mfinyanzi, hasa mwekundu, huishika fosforasi mmea usiipate. Ndiyo maana mbolea ikirushwa shamba zima nyingi hupotea bure. Ikifukiwa kwenye mstari, pembeni kidogo ya mbegu, inalipa zaidi.

Kiasi gani? India, mzalishaji mkubwa wa choroko duniani, mwongozo unaotumika sana ni kilo 15 hadi 20 za naitrojeni na kilo 40 za fosfeti kwa hekta. Kwa DAP, hiyo ni kama kilo 35 kwa ekari. Yaani mfuko mmoja unatosha ekari na chenji inabaki.

Lakini kuna kitu kinatangulia mbolea: maji. Mvua za masika zikikolea, mfinyanzi hutuamisha maji, mizizi hukosa hewa na vinundu huacha kazi. Majani yanageuka manjano. Mkulima akiona hivyo anakimbilia urea, kumbe zao linazama. Dawa yake ni matuta na mitaro, tena kabla ya kupanda.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Choroko zikianza maua, chimba mche mmoja taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi nyekundu au ya waridi, kinafanya kazi. Urea ya nini? Kukiwa na weupe au ukijani, hakifanyi kazi, na sababu itafutwe kwanza.

Wakulima wa Tanga wana msaada jirani: kituo cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, kinachoshughulika na utafiti wa udongo. Kupima kabla ya msimu ni muhimu kwa sababu choroko hukomaa ndani ya siku 60 hadi 90 tu. Ukikosea mwanzoni, muda wa kurekebisha haupo.