SIKU YA MAPUMZIKO NI YETU



Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi yenye mshahara kila mwaka. Lakini wengi wetu hapa Kisumu siku hizo twatafuta kibarua kingine, au twalala tu. Wengine husema matembezi ni mambo ya matajiri na watalii. Mimi nakataa.

Msitu wa Kakamega hauko mbali. Ukitoka alfajiri, jioni u nyumbani. Sehemu ya Buyangu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985. Watoto watapanda kilima, wataona mbega mitini, watatembea hadi maporomoko ya mto Isiukhu, kisha tule pamoja chakula tulichobeba.

Kweli, nauli na kiingilio ni mzigo kwa mtu mmoja. Lakini tukichanga watu hamsini, basi letu wenyewe litakodiwa. Naiomba Halmashauri ya tawi ipange safari moja. Haki isiyotumiwa husahauliwa.

Mwanachama, Kisumu