Maelekezo Nayo ni Bidhaa
Wadau mnaouza vifaranga vya samaki mtandaoni, tuambiane ukweli. Unatuma sato kutoka Kibaha kwenda Kisarawe, halafu unasema "mzigo ukishafika si wangu tena"? Unajimaliza mwenyewe. Mimi naona maelekezo nayo ni bidhaa. Kabla boda hajaondoka, mtumie mteja voisi: mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 20, aongeze maji ya bwawa kidogo kidogo, ndipo awaache watoke wenyewe. Iwe asubuhi au jioni, siyo jua kali. Siku hiyo asiwalishe. Kesho yake aanze na chakula cha unga, kidogo, mara 3 au 4. Wakigoma, apunguze, mabaki yanachafua maji. Siku ya tatu mpigie simu. Samaki wakipona, mteja anarudi, tena na jirani yake.