Nyumba Inayopumua

Pita mjini Lodwar saa saba mchana uone mwenye nyumba ya mabati yuko wapi. Yuko nje, chini ya mti. Nyumba aliyoijenga kwa jasho lake ameiachia jua. Je, nyumba ina faida gani ikiwa mwenyewe huikimbia mchana na kurudi usiku kulala katika joto lililobaki?

Turkana ni jangwa lisilo na mzaha. Joto la mchana Lodwar huzunguka digrii 35 karibu mwaka mzima. Tena mji huo uko karibu na Ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua husimama karibu juu ya utosi. Anayebeba mzigo huo ni paa. Bati likishika moto huwateremshia walio chini yake joto, mfano wa jiko la makaa lililotundikwa darini.

Mama wa Kiturkana aliyajua haya zamani. Kwa desturi yao, kujenga ni kazi ya wanawake. Huchomeka fito ardhini kwa duara, wakazikunja na kuzifunga juu, kisha wakaezeka kwa makuti ya mikoma. Makuti hayo huzuia jua lakini hupitisha upepo. Hewa ya moto hupanda ikatoka, na jua likitua nyumba hupoa upesi.

Msomaji atauliza: mbona watu wa Misri na Iran hujenga kuta nene za udongo? Huko kwenye jangwa usiku huwa na baridi. Ukuta hupoa usiku, ukaikinga nyumba kesho yake. Lodwar usiku joto hubaki digrii 24 hivi, kwa hiyo ukuta mnene usio na matundu hulala na joto lake. Dawa ya Turkana ni kivuli na upepo.

Na upepo upo tele! Ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani, mitambo 365 ya umeme wa upepo ilizinduliwa mwaka 2019. Upepo unaozungusha mitambo hiyo unashindwaje kupoza chumba cha mtoto anayedurusu?

Wajenzi wa leo wameanza kulisikia somo hili. Ufukweni mwa Ziwa Turkana kuna chuo cha kompyuta kiitwacho Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021. Mbunifu wake ni Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker. Aliinua minara mirefu akiiga vichuguu vya mchwa vya eneo hilo. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu ya minara, nayo hewa safi huvutwa ndani kupitia matundu ya chini.

Kakuma nako, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, familia nyingi zimeishi miaka na miaka chini ya mabati. Mwaka 2017 shirika la UN-Habitat lilimwita Mjapani Shigeru Ban abuni nyumba za makazi jirani ya Kalobeyei, ambazo wakazi wenyewe wangeweza kuzijenga na kuzitunza.

Simwambii mtu abomoe nyumba yake arudi kwenye makuti. Makuti hushika moto, huliwa na mchwa na hutaka kubadilishwa. Bati hudumu na hukinga mvua. Basi tuyaoze mawili haya.

Wewe unayejenga nyumbani Lodwar kwa mshahara wa Nairobi, inua paa lako. Acha matundu juu ya kuta, chini ya bati, hewa ya moto ipate njia. Weka madirisha upande wa kusini-mashariki unakotoka upepo, na mengine upande wa pili utokee. Tandaza dari ya mikeka chini ya bati, ukiacha nafasi katikati. Kuta fupi zielekee mawio na machweo, na kibaraza kikinge jua la alasiri. Mambo haya hayahitaji feni wala bili ya umeme, na mengi yake ni rahisi kuyapanga kabla ya jiwe la kwanza.

Kabla hujamwita fundi, kaa kwanza na bibi aliyewahi kuezeka kwa makuti, umuulize upepo huingilia wapi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.