Yakuti na Spineli

Tumeletewa swali na ndugu watatu walioachiwa na marehemu mama yao, Mwenyezi Mungu amrehemu, pete ya dhahabu yenye jiwe jekundu. Mkubwa wao ataka pete hiyo ihesabiwe katika fungu lake. Sonara wa kwanza ameikadiria kwa bei ya yakuti. Wa pili amesema jiwe hilo ni spineli, akataja bei iliyo chini sana. Sasa ndugu wameanza kutazamana kwa jicho la pembeni, nao watuuliza: je, hayo si majina mawili ya kitu kimoja?

La, si kitu kimoja, ingawa waliochanganya ni wengi, na wakubwa. Katika taji la wafalme wa Uingereza mna jiwe jekundu liitwalo Yakuti ya Black Prince, alilolipata mwanamfalme Edward huko Hispania mwaka 1367. Kwa karne nyingi lilihesabiwa kuwa yakuti, kumbe ni spineli. Na kabla ya hapo, al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alikwisha kutenga katika kitabu chake cha vito baina ya yakuti na lile jiwe jekundu la Badakhshan, ambalo ndilo spineli. Naye alivipima vito kwa mizani na maji. Wataalamu wa Ulaya waliyatenga mawe hayo mwaka 1783.

Wekundu wa yote mawili watokana na kitu kimoja, nacho ni kromi kidogo iliyomo ndani. Ama mwili wake ni mbalimbali: yakuti ni alumini iliyoungana na oksijeni, na spineli imeongezwa magnesi. Huko Mahenge, Tanzania, hutoka yote mawili, na mwaka 2007 palichimbuliwa kipande cha spineli kilichopita kilo 50.

Katika kipimo cha ugumu, ambacho almasi ina 10, yakuti ina 9 na spineli 8. Kwa hiyo yakuti huikwaruza spineli. Lakini asije mtu akajaribu hayo kwa pete ya urithi!

Kipimo kilicho salama ni kile cha maji. Yakuti ni nzito mara 4 kuliko maji ya ujazo wake, na spineli mara 3.6. Tuseme jiwe lina gramu 2 likipimwa hewani. Likitundikwa kwa uzi na kuzamishwa majini, yakuti itapungua gramu 0.50, na spineli gramu 0.56. Tofauti ni ndogo mno, basi yataka mizani ya sonara. Ya dukani haifai.

Nuru nayo hutoa ushahidi. Ikiingia katika spineli hupita mwali mmoja tu, upande wowote. Yakuti huigawa miali miwili, mmoja una wekundu wa kuelekea zambarau na wa pili wa kuelekea chungwa. Chukua vioo viwili vya polaroidi, vya namna ile itiwayo katika miwani ya jua, uvipishanishe mpaka kuwe giza, kisha uzungushe jiwe katikati yake. Yakuti itang'aa na kufifia kwa zamu, na spineli itabaki gizani. Lakini lipo pembe moja ambalo yakuti nayo hubaki gizani, basi ligeuzwe jiwe mara kadhaa. Tena kioo chekundu cha kawaida nacho hubaki gizani kama spineli. Ndiyo maana hatukuacha mizani.

Basi ndugu zetu wamwendee sonara wote watatu pamoja, naye alitoe jiwe peteni mbele yao, kwani likipimwa pamoja na dhahabu hesabu haitoki. Na wamwulize jambo la pili ambalo hawakutuuliza sisi: je, jiwe hili limetoka ardhini au kiwandani? Yakuti za kiwandani zauzwa tangu mwanzo wa karne ya 20, nazo uzito wake na nuru yake ni sawasawa na za ardhini. Hizo hujulikana kwa kutazamwa ndani kwa hadubini.