Uhuru iliruka Malindi, sisi tumebaki chini

Usiku mmoja wa Julai umeme ulikatika hapa Cibitoke, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tukaona nyota vizuri. Mpwa wangu akanyoosha kidole: "Mjomba, ule moshi mweupe ni nini?" Nikamwambia si moshi. Ni Njia Nyeupe, galaksi yetu, na sisi tumo ndani yake. "Katikati?" akauliza.

Swali hilo liliwatoa jasho wanafalaki kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1785 William Herschel alihesabu nyota kila upande wa anga, akaziona zinakaribia kulingana, akaamua kwamba Jua liko karibu na kitovu. Mwaka 1922 Mholanzi Jacobus Kapteyn bado alisema hivyo hivyo.

Mkazi wa Bujumbura anaweza kulielewa kosa lao bila darubini. Kiangazi kikikolea, ukungu wa vumbi huifunika milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa. Mgeni anayefika siku hiyo anaweza kuapa kwamba Tanganyika haina upande wa pili. Ukizungukwa na vumbi, unaona umbali uleule kila upande, na unajidhania uko katikati. Angani nako kuna vumbi, na Robert Trumpler alilithibitisha mwaka 1930.

Harlow Shapley alikuwa ameshatafuta njia nyingine. Aliacha kuhesabu nyota mojamoja, akapima vishada vikubwa vya nyota ambavyo vingi viko juu na chini ya vumbi hilo. Akaona vimejazana upande mmoja, kwenye kundi la Mshale, ambalo wazee wa pwani waliliita Kausi. Mwaka 1918 akatangaza kwamba kitovu kiko huko, mbali sana nasi. Umbali aliukuza zaidi ya mara mbili, lakini upande aliupata. Leo tunajua ni kama miaka ya nuru 26,000.

Kulipenya vumbi lenyewe kulihitaji macho mengine: mawimbi ya redio, miali ya eksirei, miali ya gamma. Na hapa ndipo hadithi inapofika kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani tu. Mwaka 1972 ikafuata nyingine kutoka jukwaa hilohilo, ikaonyesha jinsi miali ya gamma inavyomiminika kutoka ukanda wa Njia Nyeupe, hasa upande wa kitovu. Malindi ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta. Ikweta ni yetu, lakini setilaiti, roketi na sehemu kubwa ya elimu vilikuwa vya wengine. Roketi ya mwisho iliruka pale mwaka 1988.

Sasa tuko mlangoni tena. Afrika Kusini inajengwa sehemu ya darubini kubwa ya redio iitwayo SKA, na darubini yake ya awali, MeerKAT, yenye masahani 64, imeshatoa picha ya kitovu cha galaksi ambayo mtu hachoki kuitazama. Nchi nyingine 8 za Afrika ni washirika wa mradi huo. Kati ya nchi za Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, imo Kenya peke yake.

Burundi haina fedha za kujenga masahani, na sidai ijenge. Ninachodai ni kwamba Jumuiya iliyoweza kukaa mezani kuhusu ushuru wa forodha ikae pia kuhusu hili, ili Kenya iingie na jirani zake: nafasi za masomo kwa kijana wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Uvira, na kituo kimoja cha mafunzo cha pamoja. Malindi panafaa. Vitabu viandikwe kwa Kiswahili, maana jina la Uhuru lilishafika angani kabla yetu.

Mpwa wangu nilimwonyesha Kausi, juu kidogo upande wa kusini. Akauliza kama kuna mtu wa hapa anayefanya kazi hiyo. Umeme ukarudi kabla sijamjibu.